Wodi ya Kangaruu

Sista Mbodze, umenifunga leso mara mbili,
mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi,
kofia ya sufi kichwani mwake kama kifuniko cha kalamu,
ukasema: "Kaa hivyo. Wewe sasa ni kangaruu."

Gramu elfu moja mia mbili na kumi.
Fungu la nyanya Kongowea lina uzito kumpita.

Nakubali, Sista, ila kwa kangaruu nina neno.
Yule ni mama mwenye nafasi:
mfuko wake watazama juu kama mfuko wa aproni,
mtoto mmoja humo, na uwanda mzima wa kurukia.
Picha yake iko kwenye sarafu na mikia ya ndege.
Mimi nimepanga chumba kimoja Chaani.
Niite oposamu.

Humjui. Hata mimi sikumjua
hadi Machi, tumbo langu la miezi mitano,
tulipofungua kontena la sukari kutoka Santosi.
Mimi ndiye karani wa karantini, Kilindini;
naandika kilichoingia nchini bila karatasi.
Juu ya magunia alilala mnyama
kiasi cha paka, uso mweupe kama aliyepakwa unga,
mkia mtupu wa panya buku,
mdomo wazi, ulimi nje, na harufu!
Kitsao aliziba pua kwa kola ya ovaroli:
"Andika. Mzoga, mmoja."
Nikaandika.

Chai ikapoa. Nzi wakamtembea jichoni.
Kisha sikio moja likacheza,
na Kitsao akaruka kushinda kangaruu yeyote.

Dakta Nzomo alimgeuza kwa glavu nene,
akafunua tumbo: mfuko,
na ndani yake tisa, kila mmoja na titi lake,
hakuna wa kubadilishana.
Siku ishirini na sita baharini
mama alikula panya na sukari, akalamba jasho la bati,
na wale tisa hawakujua kwamba wamevuka chochote.
"Hajifanyi," alisema Dakta. "Hofu ndiyo inayomzima.
Mwenyewe hajui atazinduka lini."

Baadaye, zamu za usiku, nikausoma ukoo wao.
Wombati, mfuko wake umegeukia nyuma
ili akichimba asimfukie mwanawe.
Koala hula majani ya mti mmoja kisha hulala,
nimewahi kuolewa na wa namna hiyo.
Nambati hana mfuko kabisa; wanawe hushika manyoya.
Oposamu ana meno hamsini na hachagui:
embe bovu, nyoka, jaa la watu.

Siku kumi na tatu tu tumboni.
Hutoka kama punje za choroko, vipofu,
wakapanda manyoya wenyewe kuyafuata maziwa.
Huzaa hata ishirini. Matiti ni kumi na tatu.
Hesabu hiyo niliisoma nikafunga kitabu.
Sasa inanirudia hapa kitanda namba nne,
maana Zuwena wa dirishani ameondoka alfajiri
na leso yake mkononi, imekunjwa, haina fundo.
Sote tulitazama ukuta.

Jana usiku huyu wangu alinyamaza.
Kifua kilisimama. Midomo ikaiva zambarau.
Sikupiga kelele; sauti nayo ilizimika.
Ulikuja na kandambili moja mguuni,
ukamgonga unyayo kwa ncha ya kidole,
"Wee, rudi," kama umwitaye mtoto nje magharibi ikiingia.
Akavuta pumzi, akakunja uso, akakasirika.

Unajua nilikumbuka nini? Kalamu.
Lile neno "mzoga" nililikata kwa mstari mmoja,
ndiyo kanuni, kosa liendelee kusomeka,
nikaandika juu yake: "hai, na wengine tisa."
Walichofanywa baadaye sikuuliza.
Karatasi zilipanda orofa ya pili.

Leo mizani yasema elfu moja mia mbili na hamsini.
Andika, Sista. Kwa penseli ukitaka.
Na kangaruu wenu wa mlangoni mwacheni, amechorwa vizuri;
ila pale chini, rangi ilipobanduka,
mtafutieni nafasi yule wa kontena,
na meno yake yote.