Kipengele cha Saba

Karani ana kalamu mbili, ya buluu na nyekundu,
na fomu ya kurasa nne. Ofisi iko Nyawera,
juu ya duka la mabati. Kila mteja akishusha bati chini
sisi huku juu tunanyamaza, ngurumo ipite.

Mama amevaa kitenge cha ubatizo wa Cito.
Tumetoka Miti alfajiri, juu ya magunia ya kabichi.

"Mkopo wa nyumba za vijijini," karani anasoma,
"miaka kumi na miwili, riba nafuu,
na Leta mwenyewe anasimama nyuma yako."

Mama akageuka, akautazama ukuta.
"Nyuma hapa? Nimekimbia mara mbili
na godoro kichwani. Kila nilipogeuka
niliona vumbi tu. Lakini mwandike.
Pengine amechelewa njiani."

Jina: Nsimire M'Kahasha.
Kazi: jembe.
Mapato ya mwezi.
"Mwezi gani? Wa maharage au wa njaa?"
Karani akaandika sufuri, kisha akaona haya,
akaitafutia tarakimu za kuitangulia.

Kipengele cha saba: hati ya kiwanja, na historia yake.
Mistari miwili ya nukta.

Mama akavua ndala, kama mtu aingiaye shambani.

"Andika: baba mkwe alitoa ng'ombe, Ngaju,
mwekundu kama tofali lililoiva,
mwenye mimba. Huyo ndiye kalinzi yetu.
Alipelekwa kwa mwami mbele ya watu tisa,
na wote tisa tumeshawazika.

Andika: akaja Mzungu wa kinini na kamba ya kupimia,
akasema kilima hakina mtu.
Moshi wa vyungu vyetu ulikuwa unamwingia machoni
alipokuwa anasema hivyo.
Tukabandua magome ya miti yake, mama zetu na sisi.
Hadi leo nikilamba kidole
nasikia uchungu wa dawa ambayo sikupewa.

Andika: akaondoka. Akaja mwenzetu, koti bila tai,
akarithi kilima, akauza mashine ya kukaushia,
akaondoka na yeye. Majani yakarithi.
Ndipo tukarudi polepole,
kama mtu arudiye kitandani mwake
akisikiliza kama mgeni kweli ameamka.

Andika vita ya kwanza.
Ya pili acha, nafasi haitoshi.
Andika mvua ya Mei, mteremko uliposhuka na jiko.
Jiko na aliyekuwa ndani."

Karani hakuuliza nani.
Mimi nilikitazama kitenge.

Chini, bati likaanguka. Tukangoja.

"Mama," akasema, "wakubwa wanataka karatasi.
Yenye muhuri."
"Ngaju alikuwa na alama ya moto pajani.
Muhuri gani unauma kuliko huo?"

Akaweka kalamu. Akaishika tena.
"Kwetu Walungu," akasema, kama anayekiri deni,
"tulitoa wawili. Shamba ni la mtu mwingine sasa."
Kisha akaigeuza fomu ubavu, na pembeni,
pale palipoandikwa usiandike hapa,
akaandika kwa wino mwekundu:
Kalinzi. Ng'ombe mmoja, Ngaju. Alikuwa na mimba.

Hakusema kama kuna atakayesoma.
Akambana Mama kidole gumba juu ya wino,
akatuambia turudi baada ya Pasaka.

Kule chini Mama aligonga bati kwa kifundo cha kidole,
akainamisha sikio, kama anayenunua chungu.
Akauliza bei. Akauliza tena bei ile ile,
labda imeshuka tulipokuwa tunasimama pale.

Kwenye lori alikaa akitazama nyuma,
na mji ukapungua, na barabara ikaanza mashimo.
Karibu na Mudaka ndipo aliposema:
"Huyo Leta, akija kweli kusimama,
mwambieni asizibe mlango.
Nyumba hii nataka ielekee Kahuzi."