Mwezi wa Zahanati

Hapa Kayenze tunaishi kwa giza.
Giza likiiva, taa zinashuka majini
kama mtaa ulioamua kuhama usiku,
na alfajiri dagaa wanafika ndoo kwa ndoo.
Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawadanganyiki.
Basi tunafua, tunasukana, tunadaiwa.

Ni siku hizo za mwanga Sista Generoza alipokuja
na karatasi ya kurasa kumi na moja.
Akasoma polepole. Alipofika "majaribio"
Holo akaguna: "Majaribu tunayo, Sista.
Kila Jumapili tunaomba tusitiwe humo."
Benchi zima likacheka.
Sista akavua miwani, akaifuta kwa kanga ya mtu:
"Jaribio ni pale asiyejua anapokiri hajui,
kisha anauliza kwa utaratibu."

Sijawahi kusikia mtu wa gari jeupe akikiri hajui.
Hilo ndilo lililoninasa.
Si soda. Si nauli.

Nikaandika jina langu lote, Nkwimba binti Masalu.
Holo akabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino.
Bahasha zikafunguliwa:
mimi kidonge cha kila siku, yeye sindano.
Hakuna aliyechagua, hata daktari.
Ilikuwa kura, kama ya upatu.

Wakachukua damu, chupa tatu,
kifuniko chekundu, cha zambarau, cha njano.
Sokoni wakasema tunaiuza kwa lita.
Ningekuwa nauza damu, nikawaambia,
chanja langu lingekuwa na paa la bati.

Kopo la vidonge lilikuwa na mdomo.
Ukilitikisa linalia kama kayamba,
na nyumba zetu ni ukuta mmoja, masikio sita.
Nikalijaza pamba, nikalificha ndani ya majani ya chai.
Kwa miezi kumi na minne
chai yangu ilinukia siri.

Ziara ya tano niliikosa.
Mwezi wa zahanati una siku ishirini na nane.
Wetu una ishirini na tisa na kipande,
na hicho kipande ndicho kilichonisogeza, ziara kwa ziara,
mpaka tarehe yangu ikaangukia kwenye giza zito,
dagaa wa bei, magunia yakiningoja.
Nilitarajia kufokewa.
Sista akatoa kalenda, akachora miezi yote miwili,
wake kwa wino, wetu kwa penseli.
"Karatasi inaniruhusu siku saba mbele, saba nyuma."
Kumbe na sayansi ina mlango wa uani.

Minza hakurudi kwenye benchi letu.
Siku moja aliitwa ndani, akakaa sana,
akatokea mlango wa pili,
ule wa wanaomeza dawa maisha yao yote.
Hakuna aliyeuliza.
Kesho yake tulimkuta chanjani, anageuza dagaa,
tukasogea kumpisha pale pake pa siku zote,
penye upepo.

Mwaka wa tatu wakatuita shuleni, darasa la nne.
Daktari kutoka mjini akabandika mchoro ubaoni,
juu ya hesabu za mafungu ambazo hazijafutwa.
Mistari miwili: wa sindano umelala,
wa kidonge umelala pia, ila mwishoni
umeinuka kidogo.
Hicho kidogo nakijua kwa jina.
Alikuwa ameketi dawati la nyuma yangu,
nasikia anavyopumua.

Watu wakapiga makofi. Holo hakupiga.
"Gari likiondoka, sindano inabaki?"

Daktari akamtazama Sista.
Sista akatazama miwani yake.
"Tumeomba," daktari akasema. "Tunasubiri."

Holo hajui kuandika, nikamwandikia:
lile swali lake, tarehe, jina la kijiji,
na chini nikaacha nafasi.
Akaibeba karatasi hadi mbele,
akamsogezea daktari pedi ya wino.