Mwandiko wa Daktari

Katika mji wote wa Malabwaya
ni mimi tu niliyeweza kuusoma:
mistari iliyojikunja kama nyungunyungu,
a isiyofunga tumbo, m yenye miguu saba,
na mwishoni mkia mrefu, Tabuena.
Watu walileta vikaratasi vimelowa jasho,
wakiuliza, "Eufrosina, hapa pameandikwa uhai au kifo?"
Nami hucheka: pameandikwa vidonge sita,
na usilime tena pekupeku kwenye jaruba.

Kichocho ndicho kilichomleta kwetu.
Konokono wadogo kuliko punje ya mpunga,
watoto wenye matumbo ya ngoma na mikono ya fito.
Alifuata nyuma ya nyati wa kulimia, mabuti ya mpira magotini,
akihesabu konokono kwenye kopo la maziwa,
akiwatukana kwa lugha ya mamaye.
Walimlipa mbata. Walimlipa jogoo.
Mara moja walimlipa mlango, kwa kuwa nyumba yake haikuwa nao.
Na usiku wa tufani ile tusiyoitaja jina
alimzalisha Rosenda juu ya madhabahu, paa limeshang'oka,
padre akishika tochi huku amefumba macho.

Ndipo wakaja wanaume wenye mashati yaliyopigwa pasi.
"Daktari, wewe unatibu mmoja mmoja,
na mkoa mzima unaumwa."
Maneno matamu. Hata mimi yalinilewesha.
Nilifunga duka wiki tatu, nikagawa mapepeo ya karatasi
yaliyochapwa uso wake;
joto la Mei, vijiji kumi na tisa,
vikajipepea kwa tabasamu lake.

Akala kiapo.
Kiapo huliwa, ndivyo kilivyo;
shida ni kwamba mtu akishaonja
huulizia kitoweo.

Muhula wa kwanza aliniletea friji ya chanjo,
akaibeba mwenyewe upande mmoja. Haki hiyo simnyimi.
Muhula wa pili, daraja:
nguzo nne katikati ya mto Hinabay,
na juu yake yangeyange wanaokausha mbawa.
Muhula wa tatu, hospitali,
jina lake ukutani kwa herufi ndefu kuliko mtu,
na ndani pamba hakuna.
Pamba niliwapelekea mimi. Kwa mkopo.
Daftari lile ninalo bado.

Mwandiko wake ulikuwa umepata wasomaji wapya.
Wauza saruji hawakuhitaji mfamasia;
mkia ule waliusoma wakiwa ng'ambo ya barabara.

Sheria ilipomwambia basi, akamsimamisha mkewe.
Bi Consorcia akashindwa kwa kura mia nne.
Mojawapo ilikuwa yangu.
Hajui. Au anajua.

Jana amekuja dukani na mvua yake,
bila dereva, kandambili zimembana
kwa jinsi miguu ilivyovimba.
Nikamwambia, mganga hajigangi.
"Nimeshajiganga," akasema. "Nipe karatasi."
Sikuwa na karatasi, ila pepeo moja la zamani
ninalofunikia mizani dhidi ya vumbi.
Alijitazama kidogo, kijana yule mwenye nywele nyingi,
akamlaza kifudifudi juu ya kaunta
na kuandika mgongoni mwake,
polepole, mkono ukitetemeka, herufi moja, pumzi, herufi moja,
kama mtoto anayeogopa rula ya mwalimu.

a imefunga tumbo. m ina miguu mitatu.
Mji wote ungeweza kuyasoma.
Nikalishika pepeo kwenye mwanga wa dirisha,
nikalisogeza, nikalirudisha,
nikamwambia macho yangu nayo yamezeeka,
anisomee mwenyewe.