Samaki Mwenye Magamba

Barua yao ilifika Jumanne, kurasa mbili.
Meneja Bugingo akaisoma amesimama,
akaja nayo jikoni: "Nyanjige, hawa watu
wanakuja kula au kutusahihisha mtihani?"
Wayahudi kumi na saba, wa Mbale na wa Nairobi,
siku tano ufukweni kwetu Igombe.
Wanauliza visu. Wanauliza sufuria.
Wanauliza mafuta haya jana yalikaanga nini.

Nikaketi juu ya gunia la vitunguu, nikaandika.

Nguruwe hakuna; hilo jepesi.
Kambare hakuna, kamongo hakuna,
gogogo hata harufu yake isipite.
Mwenye mapezi na magamba, huyo ndiye.
Nikacheka peke yangu. Mama yangu, Msabato wa Pasiansi,
alinichapa kwa supu ya kambare
niliyoonja kwa jirani nikiwa darasa la tatu.
Kwetu mwiko ulifundishwa kwa mwiko.

Kiwandani kuna minofu ya sangara, myeupe, imefungwa vizuri.
Barua inasema hapana:
ngozi ibaki, gamba lionekane kwa macho.
Samaki aliyechunwa hana kitambulisho.
Basi alfajiri niko Mwaloni,
nakwangua sato kwa ukucha, nainua gamba kwenye mwanga.
Mafuru muuzaji anasema: "Dada, unanunua
au unampima macho?"

Nyama tuliiacha, mchinjaji wao yuko mbali.
Maziwa watakuja nayo; yawe na sufuria yake na kijiko chake.
Nikapiga simu, kwa woga kidogo: na tui?
Mama mmoja, Nagudi, akacheka kutoka Mbale:
"Nazi si ng'ombe. Pika."
Nikaagiza nazi ishirini kwa basi la Tanga
kabla hajabadili mawazo.

Mayai: vunja moja moja kwenye glasi, tazama damu.
Mchicha: jani kwa jani, wadudu.
Milango ya kadi: Sabato hawagusi umeme,
watahitaji funguo za kawaida.
"Funguo?" akasema Bugingo. "Tulizitupa."
Zilikuwa kwenye debe la misumari, zote, hata ya choo.

Walifika Alhamisi mchana.
Bugingo alikuwa amepanga mapokezi chupa ishirini
za mafuta ya kukinga jua, kwa ngozi nyeupe.
Wakashuka watu weusi kama sisi,
kofia ndogo za kufumwa utosini,
wakiuliza habari za safari yetu sisi tuliokaa.
Chupa zikarudi stoo, kimyakimya.

Kabla ya vyumba, kabla ya juisi:
"Ziwa ni upande gani?"
Wakabeba sufuria mpya ambazo nilikesha nikizibandua lebo.
Nikawaonya habari ya kichocho, nikawapeleka jabalini
kwenye maji ya kina, yasiyo na majani.
Nagudi akapiga magoti, akazamisha moja moja, akinong'ona.
Maji yakaingia, yakatoka.
Nimeosha vyombo ziwani tangu utoto;
sikujua ziwa linaweza kuosha
kisicho kichafu.

Ijumaa kiberiti kilikuwa changu, moto aliwasha yeye.
Saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumemaliza,
jiko tumelifunika kwa bati, moto mdogo chini yake,
sato wa nazi juu, mpaka kesho.
"Na hiyo kesho," Bugingo akauliza, "nani yuko zamu?"
Tukatazamana, mimi na Nagudi.
Akaenda kujitafutia aproni.

Jumamosi jua lilipozama Sabato yangu ikaisha,
nikachukua kiberiti nikachemshe maji.
Wao bado. Mpaka nyota tatu, wakasema.
Kitinda mimba wa Nagudi, Yonadabu,
alikuwa jabalini, kidole mbele: moja... mbili...
"Hiyo si nyota," nikamwambia. "Ni taa ya dagaa."
Akaishusha kwenye hesabu. Ikawaka nyingine, na nyingine,
ziwa zima likatoboka mwanga.
Nikaketi karibu naye, kiberiti mfukoni,
tukaanza upya, kutoka moja,
tukitazama juu zaidi.