Namba ya Kosa

Siku ya tatu inawaka, rangi ya bizari,
na fundi Mbarouk wa Wete simwiti tena:
mara ya mwisho alikata waya, taa ikazima,
akanidai elfu thelathini na "pole, dada."

Leo nimeazima kile kidude cha Bikombo.
Nimepiga magoti juu ya kipande cha mkeka,
nimekichomeka chini ya usukani,
ufunguo nusu, injini isiamke,
simu ikafikiri, ikafikiri,
ikatema herufi moja na tarakimu nne.

P, sifuri, nne, tano, tano.
Mvuke wa petroli unatoroka.

Basi si plagi. Wala si ile sensa niliyoiota
ikitafuna ada ya chuo ya Mkasi.
Nimeufuata mpira kwa vidole, mbele hadi nyuma,
mbu wa Konde wakinifuata mimi,
hadi kwenye tangi. Nikafungua kilango.

Kifuniko hakuna.
Pana mfuko wa nailoni, ule wa marufuku,
umekunjwa mara mbili,
umebanwa kwa mpira wa nywele wa Mkasi.

Jumapili alikwenda Shaame kutia mafuta,
leseni yake ina mwezi.
"Umefunga vizuri?"
"Nimefunga, mama."
Na kweli alifunga.

Yuko mlangoni sasa, ameshika tochi nisiyomwagiza,
anausoma mgongo wangu.
Mfuko nimeurudisha palepale.
"Shaame, kifuniko cha gari hii kinauzwaje?"

Kimya.
Kisha, kama mtu anayetikisa kibubu:
"Elfu kumi na mbili. Nina saba."