Springi ya Dola Kumi na Nne

Kilo tatu na gramu mia mbili.
Nilipima mwenyewe kwa mizani ya samaki,
ndoano kwenye kifyatulio, bunduki imebanwa kwenye jiriwa,
magazini nje, chemba tupu, nimechungulia mara mbili
kama alivyonifunza yeye kabla hajanifunza kufunga viatu.
Kilo tatu na ushee:
mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake
akining'inia kwenye kidole kimoja,
na kidole chenyewe ni cha Dugald Petrie, baba yangu,
aliyenyoa kondoo miaka arobaini na mmoja
hadi vifundo vyake vikawa tangawizi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa.
Lakini chawa hajapata kula majani ya Maniototo.
Huku kidole kimoja ndicho ua,
kati ya sungura elfu na malisho ya Agosti.

Juni, jalidi imekaza hata maji ya mbwa,
alilenga, akavuta,
akavuta,
mtutu ukaanza kutafuta njia yake wenyewe.
Sungura akamaliza kutafuna,
akajikuna sikio, akaondoka bila haraka.
Baba akasema: bunduki imezeeka.
Sikumjibu.

Bunduki mpya ni dola elfu moja na kitu.
Kifyatulio kizima cha kiwandani, chekundu kama mdomo wa bibi harusi,
mia nne.
Na fedha zangu za kuchuma cheri
zilikuwa zimeshaingia kwenye jino la nyuma, upande wa kulia.

Tamati Rehu anatengeneza matrekta mjini Ranfurly,
na bunduki akipenda.
“Usinunue nyumba,” akasema, “kwa sababu bawaba inalia.”
Akafungua droo.
Springi, dola kumi na nne.
Washa mbili nyembamba kama kucha ya mtoto mchanga, akanipa bure.
Pini ya plastiki ngumu ya kukaa nyuma ya bolti,
badala ya ile ya chuma iliyogonga kama sufuria:
dola sita; nikalipa tatu na trei ya mayai.
Kisha akanishika mkono, akaonyesha ukingo mdogo, mkali,
mahali nyundo inapolalia.
“Hapa usipitishe msasa. Ukipalainisha hapa,
itafyatuka siku utakayofunga mlango kwa hasira.”
Anatujua sisi akina Petrie.

Usiku nikatandika gazeti mezani.
Vipande kumi na saba.
Cha kumi na nane kiliruka chini ya friji,
tukakitafuta mimi na Moss kwa tochi,
yeye kwa pua, mimi kwa matusi,
huku baba akikoroma chumba cha pili
mkoromo wa mtu asiyeibiwa kitu.

Nikapima. Kilo moja na robo.
Nikapima tena. Nikaigonga kitako kwa nyundo ya mpira,
tupu, juu, chini, ubavuni: nyundo haikuanguka.
Springi ya zamani nikaitia kwenye kopo la tumbaku,
maana huwezi kujua.

Jumapili akapanga makopo juu ya nguzo za uzio.
La kwanza liliruka kabla hajamaliza kukunja uso.
Akaitazama bunduki. Akakitazama kidole.
La pili. La tatu.
La nne akalikosa, na hakulaumu kitu.
“Umeipaka mafuta?”
“Kidogo.”
“Mafuta gani?”
“Ya cherehani.”
Akanyamaza muda wa kujaza magazini,
risasi moja moja, taratibu, kama anayehesabu chenji.

Kesho yake mizani ya samaki
nikaikuta kwenye msumari usio wake.
Chini yake, nyuma ya bili ya chakula cha kondoo,
kwa mwandiko wake unaopanda mlima:

1.25.
Bawaba ya lango la zizi nayo inalia.
Yalete na huko hayo mafuta yako.