Koti Namba Hamsini na Mbili

Mwanetu wa Luksemburgi ndiye aliyelipa:
juma zima Funchal, na usiku mmoja
wa mlo katika hoteli ile ya juu ya jabali,
iliyotutumia masharti kabla ya makaribisho.
Wanaume: koti. Kaptula, hapana.
Ndala, hata za ngozi, hapana.
Wanawake, hapo waliandika tu "nadhifu,"
neno lililoninyima usingizi siku mbili.

Nilikuwa na gauni la rangi ya zabibu iliyoiva,
la harusi ya mpwa wangu, lenye kifungo kimoja
kisicho ndugu wa wenzake.
Nikalitundika bafuni, nikafungulia maji ya moto,
mvuke ukanyoosha kile ambacho pasi ya chumbani
ilitaka kukiunguza.
Soksi ndefu nilizitoboa mwenyewe kwa ukucha,
tundu dogo, kifundoni. Nikalificha ndani ya kiatu.

Abílio koti lake aliliacha Covilhã.
Analo moja tu, alilomzikia kaka yake.
"Koti la msiba haliendi likizo," alisema,
na mimi, niliyekwisha kulikunja sandukuni,
nikalikunjua.

Basi mlangoni tukasimama, yeye na shati
nililolipiga pasi mpaka likawa kama bahasha,
mbele yetu kijana wa glavu nyeupe, ameinama
kama daktari anayekuja na majibu.
Hakusema hapana. Alisema, "Tafadhali, dakika moja,"
akarudi na koti mkononi, namba hamsini na mbili,
la kijivu, la hoteli, la kila asiye na lake.

Nilimtazama mume wangu akilivaa
jinsi mtu anavyoingia nyumba ya mdai wake:
mkono mmoja, kusita, halafu wa pili.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, husemwa.
Hili lilimfika mapajani, likasitiri kila kitu
ila uso.

Tuliketishwa dirishani.
Wakaleta samaki mweusi wa kilindini
na ndizi imelazwa juu yake kama mgonjwa.
Abílio aliitazama ndizi. Ndizi ikamtazama.
Hakuthubutu kuinua mkono, asije akadondosha mchuzi
kwenye mali ya watu.
Tone likadondoka hivyo hivyo.

"Lete mkono," nikasema, nimfute.
Na kidole changu kikasimama.

Miaka thelathini na moja nimekaa kiwandani kwetu,
jora limetandazwa magotini, nikitafuta uzi uliokatika,
nikiurudisha kwa sindano, juu, chini, juu,
mpaka kosa lisahau kwamba lilikuwa kosa.
Kazi nzuri ilikuwa ile isiyoonekana.
Graciete peke yake, aliyeshona kwa mkono wa kushoto,
alimalizia kwa kurudi nyuma mara moja,
na msimamizi hakuwahi kujua.

Hapo, chini kidogo ya kiwiko,
uzi mmoja ulirudi nyuma.

Siapi. Viwanda ni vingi, wenye mashoto ni wengi,
na mvinyo wa kisiwa hiki ni mtamu.
Lakini nilimwambia Abílio,
"Hili sisi ndio tuliowaazima. Kula."

Akaegemeza viwiko vyote viwili mezani,
jambo ambalo hata nyumbani simruhusu,
akala samaki, akala ndizi,
akaomba mkate wa kufutia sahani.

Tulipotoka, kijana alinyoosha glavu zake.
Abílio alilivua koti polepole,
akalikung'uta mabega, akalipapasa kola,
kisha akamwambia, bila ukali:
"Msilitundike kwenye msumari. Litaharibika shingo."

Tuliteremka kwa miguu. Upepo wa usiku
ukamkuta na shati tupu, akacheka.
Tundu la soksi yangu lilikuwa limepanda
mpaka gotini,
na taa za barabarani zilikuwa nyingi.